SOMO: Programu yako ya simu inapata hataza au haipati?

Habari wadau. Juzi nikiwa Mwaloni Kirumba nanunua dagaa, kijana mmoja kanivuta pembeni. Ameandika programu inayowakutanisha wachuuzi wenye mizigo midogo ili wachangie nauli ya lori. Anataka hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake. Ameniruhusu niitumie kazi yake kufundishia.

Hatua ya 1: Tenga biashara na ufundi. Sheria ya Hataza ya Tanzania, Sura ya 217, haihesabu mbinu za kufanya biashara kuwa uvumbuzi. Kuchangia nauli ni mbinu ya biashara, hata ikiingia kwenye simu. Marekani nako, kwenye kesi ya Alice mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilizikataa hataza za mfumo wa kompyuta unaosimama katikati ya watu wanaolipana. Kazi hiyo watu waliifanya tangu zamani. Kuikabidhi kompyuta ya kawaida hakukuifanya uvumbuzi.

Hatua ya 2: Jiulize, nje ya skrini kinabadilika nini? Hapa msikimbie. Rafiki yake ana kaushio la dagaa. Kihisi kinapima joto na unyevu, programu inakokotoa muda uliobaki, feni inapunguza kasi yenyewe. Nilimvunja dagaa mmoja katikati: amekauka mpaka tumboni, hana hata chembe ya mchanga. Rafiki huyu ana hoja. Mwaka 1981, kwenye kesi ya Diehr, mahakama hiyohiyo ilikubali njia ya kupika mpira ambapo kompyuta ilikokotoa muda wa kufungua kalibu. Fomula peke yake haipewi hataza, ila njia ya kutengeneza mpira ilistahili. Basi madai yako, yaani sehemu ya ombi inayosema unataka kulinda nini, yaeleze kaushio linavyofanya kazi, programu ikiwa ndani yake.

Hatua ya 3: Tafuta waliokutangulia. Patentscope, hifadhidata ya hataza ya WIPO (Shirika la Miliki Ubunifu Duniani), ni bure. Tafuta kwa kazi ya kifaa, sio kwa jina ulilokipa.

Hatua ya 4: Peleka maombi BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) kabla hujaonyesha watu. Nawasihi sana kwenye hili. Hataza inadai upya, yaani uvumbuzi uwe haujajulikana kwa watu, na video moja uliyorusha WhatsApp inaweza kukuharibia.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Mkuu, kwa hiyo ya nauli haina ulinzi kabisa?
Jibu: Inao. Msimbo (code) una hakimiliki tangu alipouandika, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inazitambua programu za kompyuta. Jina asajili kama alama ya biashara. Lakini mwingine akiandika msimbo wake mwenyewe kwa wazo hilohilo, hakimiliki haimzuii.

Dada wa Sengerema: Nikiomba hapa, Kisumu nimelindwa?
Jibu: Hapana dada yangu, hataza ni ya nchi. Una miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba kwingine ukidai tarehe ileile. Kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, ombi moja linaweza kutaja Kenya na Uganda.

Mdau wa Nyegezi: Kihisi changu nimenunua dukani. Nimeshakosa?
Jibu: Hujakosa. Upya unaweza kuwa kwenye namna ulivyokiunganisha na feni. Chora mchoro, tuanzie hapo.