Unataka kusoma Roma ya kale? Usianze na Romulus

Wengi wanaotaka kusoma historia ya Roma wanakwama sehemu moja, anachukua bonge la kitabu linaloanza na Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma, na yule mbwa mwitu jike mwaka 753 KK, anasema naenda nalo hadi mwisho, akifika vita na Carthage, mji hasimu wa Afrika Kaskazini, kashachoka, majina yote yanafanana, kitabu kinarudi kwenye shelfu na hakishuki tena. Roma ni zaidi ya miaka elfu moja jamani, na ukihesabu na upande wa mashariki uliodumu Constantinople hadi 1453 ndo usiseme.

Mi nashauri uanzie katikati, pale moto unapowaka. Yani toka mwanasiasa Tiberius Gracchus anauawa 133 KK mpaka Octavian, kaizari wa kwanza, anapewa jina la Augustus 27 KK. Humo wamo Sulla, Spartacus, Pompey, Cicero, Cleopatra, na Caesar anayechomwa visu tarehe 15 Machi 44 KK, na unaona kabisa jinsi nchi iliyoweka makonsuli (wakuu wa serikali) wawili kila mwaka ili asitokee mfalme inavyojikuta mikononi mwa mtu mmoja. Kwa kipindi hiki soma Rubicon ya Tom Holland, kinakwenda kama hadithi. Afu ukimaliza ingia SPQR ya Mary Beard ya 2015, naye haanzi na Romulus, anaanza na Cicero akimkabili Catilina, aliyemtuhumu kupanga mapinduzi, 63 KK ndo anarudi nyuma, na anaishia 212 BK kaizari Caracalla alipowapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Ninachompendea Beard, kila mara anauliza hili tumelijuaje. Gibbon, yule Mwingereza aliyeandika kuanguka kwa dola ya Roma, muache kwanza, ni mtamu sana ila ni mabuku sita ya karne ya 18, utamrudia ukishaizoea njia.

Sasa waandishi wa kale wenyewe, hawa watu wanawaogopa bure. Suetonius kaandika maisha ya watawala 12 kuanzia Julius Caesar mpaka Domitian, nani alikula nini, nani alilala na nani, husinzii. Plutarch, Mgriki, ndo aliyechotwa na Shakespeare kwenye tamthilia ya Julius Caesar, hiyo hiyo Mwalimu Nyerere aliyotutafsiria, kwa hiyo ukimsoma Plutarch utakutana na watu unaowajua. Na kama una jioni moja tu tafuta barua mbili za Pliny Mdogo kwa mwanahistoria Tacitus kuhusu volkano ya Vesuvius kulipuka 79 BK, Pliny alikuwa na miaka 17, mjomba wake alifia huko huko, mi kila nikizisoma nywele zinasimama.

Ila kabla hujamwamini yeyote andika pembeni aliishi lini. Hii naisisitiza kuliko yote. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia Romulus kama alikuwepo, kumbe anaandika enzi za Augustus, miaka mia saba baadaye, na katika vitabu vyake 142 vimetufikia 35 tu. Suetonius anakupa vituko vya kaizari Caligula wakati Caligula alikufa 41 BK yeye hajazaliwa. Haina maana wanadanganya, ina maana walisikia kwa watu, na wale watu walikuwa na sababu zao za kusema.

Majina yatakusumbua, weka daftari uchore ukoo. Publius Cornelius Scipio ni baba na ni mtoto pia, aliyemshinda Hannibal wa Carthage kwenye vita vya Zama 202 KK ni mtoto. Mabinti ndo kabisa, walipewa jina la ukoo tu, Augustus ana binti Julia na mjukuu Julia. Ramani ya Mediterania iwe karibu.

Afu kuna kitu hao wakubwa wote hawakupi, maisha ya mtu wa kawaida. Mtumwa, mama mwenye baa, fundi, hao hawakuandika historia. Hapo chukua vitabu vya waakiolojia kuhusu Pompeii, mji uliofukiwa na Vesuvius, utaona mikate iliyoungua ikabaki na umbo lake, na kuta zimejaa maandishi ya kampeni, mpigieni kura fulani. Kama vita na siasa havikuvutii basi anzia hapa hapa, Caesar atakusubiri.