SOMO: Pesa za dukani na vibaka (soma lote ndiyo uulize)

Kila wiki napokea swali lilelile: nibaki na kiasi gani dukani, na mauzo ya jioni niyapeleke wapi? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nina duka la rejareja na uwakala wa pesa za simu Mbagala, na haya ndiyo ninayoyafanya.

1. Droo ni ya chenji tu. Mimi naacha 50,000: sarafu, noti za 1,000 na za 2,000.

2. Noti ya 10,000 hailali kwenye droo. Ikiingia, inatumbukizwa kwenye kibubu cha chuma. Changu fundi alikichomelea kwenye nondo za dirisha la nyuma, kina tundu juu, na ufunguo haukai dukani.

3. Bandika lipa namba mteja aione kabla hajatoa pochi. Meseji ya malipo isome kwenye simu yako, siyo kwenye simu ya mteja.

4. Pesa ya uwakala na mauzo ya duka visichanganywe.

5. Kuhamisha pesa. Hapa ndipo nilipoumia, someni taratibu.

Mwaka 2019 nilikuwa nafunga saa tatu usiku kila siku. Nahesabu mauzo juu ya kaunta, taa inawaka, mlango uko nusu. Kisha kibegi kiunoni, na uchochoro uleule hadi nyumbani. Siku moja ya mwisho wa mwezi bodaboda ikanisimamia mbele, wamepakizana wawili. Wa nyuma akasema, "Kibegi. Simu baki nayo." Hakunipapasa wala hakuuliza kitu kingine. Zilikwenda 1,340,000, na nyingi zilikuwa za uwakala, yaani za kulipa. Yule mtu alishaniona nikihesabu, tena siyo siku moja.

Sasa naweka pesa kwa wakala wa benki mara mbili kwa siku, mchana, watu wakiwa wengi, na saa nazibadilisha. Nabeba kwenye kikapu, juu nimeweka nyanya au mkate. Usiku natoka na funguo tu.

ONYO: usihesabu mbele ya mteja, hata awe jirani wa miaka kumi. Usiseme kwenye simu kwamba unakwenda kuweka pesa. Usipande bodaboda yuleyule kila siku. Na wakishakuvamia, TOA. Wakiondoka piga 112.

MASWALI

Mdau wa Kigogo: Mkuu, kwa hiyo kwenye droo niache shilingi ngapi?
— Hatua ya 1.

Mdau wa Tabata: Haya yote ya nini? Mimi nina panga chini ya kaunta.
— Wao wanakuja watatu na wameshajipanga, wewe uko peke yako umeinama unapima sukari. Panga lako ndilo watakalokukatia. Litoe leo.

Mdau wa Morogoro: Muuzaji wangu ni binti, mimi nashinda shambani. Wakimlazimisha afungue kibubu itakuwaje?
— Asante sana kwa kumfikiria yeye kwanza. Andika kwa herufi kubwa juu ya kibubu: MUUZAJI HANA UFUNGUO. Na iwe kweli, ufunguo ukae kwako. Mwelekeze awape droo yote bila kubishana, asiwakazie macho. Halafu mwambie leo, kabla halijatokea lolote, kwamba pesa iliyoporwa hutamkata kwenye mshahara. Binti anayeogopa kukatwa ndiye anayeng'ang'ania droo. Akifunga jioni, asifunge peke yake. Ongea na mwenye duka la jirani wafunge pamoja.

Mdau wa Tabata: Sijasema nitampiga mtu, ni la kutishia tu.
— Nimeshakujibu.

Mdau wa Temeke: Noti kubwa zote zikiwa kwenye kibubu, mteja wa asubuhi akija na 10,000 anunue mkate, chenji unaitoa wapi?
— Kwa makonda wa daladala. Wao sarafu zinawajaa, na jioni tajiri anataka hesabu ya noti. Nina makonda wawili nabadilishana nao saa nane mchana, gari likiwa kwenye foleni ya kupakia. Sarafu za 200 na 500 zihesabu palepale, elfu kumi kumi kwenye vifuko vya nailoni. Noti zako zitenge kabisa kabla hujatoka dukani, usizichambue pale stendi.

Mdau wa Temeke: Na za 100?
— Hizo mama wa maandazi.