Kabla Hujaweka Oda na Sevisi kwenye Ratiba Moja

Viwanda vingi vya plastiki hapa Dar vina ratiba mbili, ya meneja uzalishaji na ya fundi, na zikigongana inasogezwa ya fundi. Kabla ya kuziunganisha, pitia daftari la hitilafu. Beringi, sili na oili huchoka kadiri saa za kazi zinavyoongezeka, kwa hiyo sevisi ya mapema inasaidia. Hita inayoungua kwa sababu umeme unapanda na kushuka ni jambo jingine: hata ukiibadilisha kila mwezi itaungua tu. Hiyo inataka stabilaiza.

Kisha hesabu saa za mashine kufanya kazi, achana na tarehe za kalenda. Tuseme zimebaki saa 40 kufikia sevisi, sevisi yenyewe inachukua saa 6, na una oda za saa 12, 18 na 22. Wengi watatanguliza ya 18 na ya 22 kwa kuwa zinajaza 40 kamili. Sasa jaribu kuanza na ya 12, ufuatishe ya 18, ufanye sevisi saa 10 kabla ya muda, umalizie na ya 22. Kwa njia zote mbili kazi inaisha saa ya 58, ila kwa hii ya pili wateja wawili wa mwanzo wanapata mzigo saa ya 12 na ya 30 badala ya 18 na 40. Mimi ningekubali kupoteza hizo saa 10 ambazo oili ingeweza kuendelea kutumika, mradi isiwe mazoea.

Angalia na rangi. Kama ni mabeseni, anza na meupe, njano, mekundu, umalizie na meusi, halafu sevisi. Kurudi kwenye nyeupe kutakulazimisha kusafisha silinda na skrubu inayosukuma plastiki ndani yake, la sivyo yatatoka na michirizi. Kwa kuwa mashine itasimama tu, fundi aingie hapo hapo.

Spea ziwe mezani kabla mashine haijazimwa. Viwanda hupenda kufanya sevisi Jumapili, siku ambayo maduka mengi ya Kariakoo na Gerezani yamefungwa.

TANESCO wakitangaza kukata umeme, tumia muda huo kusafisha na kupaka grisi, ila tenga saa ya majaribio umeme ukirudi. Swichi kuu ipigwe kufuli na ufunguo akae nao fundi, asije mtu wa zamu akaiwasha mwenzake yumo ndani.