Banka linatuama maji: namna ya kulifumua na kulijenga upya kabla ya masika

Masika yakianza, malalamiko kwenye viwanja vya gofu vya pwani ni yaleyale. Banka, yaani lile bonde la mchanga linalochimbwa kumtega mchezaji, limegeuka bwawa, wachezaji wananung'unika, na vijana wa uwanjani wanashinda na ndoo na mabeleshi, wakichota maji na kurudisha mchanga uliosombwa. Baada ya hapo uongozi unaagiza lori la mchanga mpya. Jamani, kumwaga mchanga mpya juu ya banka bovu ni kuzika hela. Maji hayatuami kwa sababu mchanga ni mchache. Yanatuama kwa sababu udongo umeingia kwenye mchanga, na chini hakuna pa kutokea.

Somo hili ni kwa hali yetu ya Tanga, kwa banka la kuchimbwa kwa mkono bila mashine kubwa. Muda wake mzuri ni Januari mpaka katikati ya Februari, kaskazi ikivuma na ardhi imekauka. Ukichelewa mpaka Machi, mvua zitakukuta mitaro iko wazi.

1. Tazama maji yanatoka wapi

Usiguse jembe kwanza. Siku ya mvua kubwa vaa koti, nenda ukasimame pale pale bankani. Utaona kwamba mengi ya maji yale hayakutoka mawinguni moja kwa moja, yameteremka kutoka kwenye mwinuko wa nyasi ulio juu yake, na njiani yamebeba udongo. Basi dawa inaanzia nje: inua tuta dogo la nyasi upande wa juu, au chonga mfereji mpana usio na kina, uyapotoshe maji yapite pembeni. Ulaze vizuri ili mashine ya kukatia nyasi ipite bila kukwaruza. Kazi hii haina gharama ila jasho, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ukiiruka, kila utakachojenga chini kitazibwa na udongo uleule.

2. Pima mchanga ulionao

Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza mchanga theluthi, ongeza maji, tikisa kwa nguvu kisha iweke mezani. Mchanga safi unazama papo hapo na maji yanabaki karibu meupe. Maji yakibaki mekundu, na kesho yake ukakuta tabaka la tope laini limekaa juu ya mchanga, huo umekwisha. Usiurudishe bankani. Utakufaa kufukia mabonde sehemu nyingine ya uwanja.

3. Fumua na uchonge sakafu

Toa mchanga wote mpaka ardhi ngumu. Chonga sakafu iwe na mteremko kuelekea sehemu moja ya chini. Usiache vijibonde, kila kibonde kitashika maji yake. Kuta zikisimama sana mchanga hautakaa, utaporomoka kila mvua. Zilaze, au teremsha nyasi zifunike sehemu ya ukuta na mchanga ubaki chini. Wapo wanaopenda ukuta mrefu wa mchanga kwa sababu unapendeza kwenye picha, lakini hawaji kuurekebisha wao.

4. Mitaro na bomba

Hapa ndipo kazi yenyewe. Mtaro mkuu unapita katikati ya sakafu kutoka juu kwenda chini, na matawi yanaingia kwa mshazari pande zote mbili, kama mifupa ya changu. Upana sentimita 15 hadi 20 unatosha, kina kisipungue sentimita 30 chini ya sakafu. Mteremko angalau sentimita 1 kwa kila mita, na ukipata 2 ni bora zaidi. Tumia uzi, vigingi na mpira wa maji wanaotumia mafundi ujenzi. Jicho linadanganya sana kwenye mteremko mdogo.

Bomba ni la inchi 4 lenye matundu. Usipolipata madukani, chukua PVC ya kawaida utoboe kwa drili, matundu ya milimita 6 hivi, safu mbili upande mmoja. Tandika kokoto sentimita 5 chini ya mtaro, laza bomba matundu yakiangalia chini, kisha jaza kokoto mpaka usawa wa sakafu. Kokoto ziwe kubwa kuliko matundu na zimeoshwa. Chagua jiwe gumu la bara. Kokoto za tumbawe na chokaa laini huvunjika zikawa unga, na unga unaziba.

Ncha ya juu ya bomba ipandishe nje ya banka na uifunge kwa kifuniko, ili siku ya kuzibua uingize mpira wa maji bila kufukua. Ncha ya chini, kuanzia inapotoka bankani, endelea na bomba lisilo na matundu mpaka kwenye bonde, na uweke wavu panya wasiingie.

5. Jaribu kabla ya kufukia

Mwaga maji ndoo kwa ndoo upande wa juu, na mtu akae kwenye tokeo. Mwanzo yatatoka na vumbi la kokoto, kisha yatakuwa maangavu. Yakitoka kwa kusuasua, kuna sehemu bomba limebonyea. Tafuta sasa hivi, si baada ya mchanga.

6. Kitambaa na mchanga

Tandika jiotekistaili, kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo, sakafuni na kutani, ipigilie kwa pini za chuma, kingo zake zizame ardhini. Juu yake mchanga: sentimita 10 hadi 15 sakafuni, 5 hadi 8 kutani. Umwagie maji, ushindilie.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Kwa nini tusitumie mchanga wa bahari, na tuko nao hapa hapa?

Marahaba. Kwanza, kuchota mchanga ufukweni bila kibali ni kosa. Pili una chumvi, na nyasi za ukingoni zitaungua. Tatu umejaa vipande vya makombe vinavyosagika kwa reki na miguu. Tafuta mchanga wa mto wenye chembe zenye kona, kati ya robo milimita na milimita moja, uuchekeche na kuuosha. Chembe za mviringo hazishikani, mpira unazama nusu.

Mkuu, viroba vya sandarusi havifai badala ya kitambaa? Bei ya kitambaa imenishinda.

Sandarusi hupitisha maji kwa shida, utajitengenezea bwawa upya. Kama fedha haipo, acha kitambaa, weka fedha kwenye bomba na kokoto, na ukague unene wa mchanga mara kwa mara reki isifike kwenye udongo.

Uwanja wetu ni tambarare, hakuna bonde la kutolea maji.

Chimba shimo la kunyonya nje ya banka, ujaze mawe. Sehemu nyingi karibu na bahari ukichimba unakutana na tumbawe lenye matundu, linakunywa maji vizuri. Kaa mbali na kisima. Ukikuta mfinyanzi badala ya tumbawe, shimo halitakusaidia. Banka hilo lifukie, uliweke pengine.

Banka la mita za mraba 80 linakula mchanga kiasi gani?

Zidisha 80 kwa 0.12, unapata mita za ujazo 9.6. Agiza 11, kwa sababu ukishaloa unashuka.

Mimi ni kedi, nawabebea wachezaji mikoba. Mpira ukiingia kwenye maji ya banka, mchezaji ana haki gani?

Anaruhusiwa kuudondosha bila adhabu ndani ya banka hilohilo, pasipo karibu zaidi na shimo. Banka likiwa limejaa lote, anadondosha pale maji yalipo machache zaidi. Akitaka kutoka nje, anarudi nyuma kwenye mstari unaounganisha shimo na mpira ulipolala, na hapo analipa pigo moja.

Mabanka yetu ni mengi na fedha ni kidogo. Tuanze na lipi?

Yale ya kando ya grini, pale penye nyasi fupi na shimo la mpira, na kati ya hayo anzeni na linalopokea maji ya mwinuko. Mengine yafanyieni hatua ya kwanza tu mwaka huu.