Somo: Kutambua shambulio la moyo mgonjwa akiwa bado njiani

Kutoka Tanga hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wanakozibua mishipa ya moyo, ni zaidi ya kilomita 300. Mshipa unatakiwa uzibuliwe ndani ya dakika 120 tangu shambulio litambuliwe. Ukiwa Muheza au Pangani, hesabu hiyo haitoki. Inabaki dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo hufaa zaidi saa za mwanzo. Kwa hiyo ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ipigwe pale pale alipo mgonjwa, isingoje hospitali ya Bombo, Tanga mjini.

Kwanza uliza maumivu yalianza saa ngapi, uandike. Usitegemee kila mtu atashika kifua. Mama mwenye kisukari anaweza kusema tu amechoka, anatoka jasho, tumbo linamchafuka, na nyumba nzima ikaitika kuwa ni vidonda vya tumbo.

Kisha ECG ya njia 12 (inauangalia moyo kwa pande 12), ndani ya dakika 10 tangu umfikie. Futa jasho (joto la Tanga mnalijua), nyoa nywele ikibidi. Vibandiko vya kifuani huitwa V1 hadi V6. V1 na V2 hukaa nafasi ya nne ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kidari. V4 ni nafasi ya tano, usawa wa katikati ya mtulinga. V3 kati ya V2 na V4. V5 na V6 zielekee kwapani. Wengi hubandika V1 na V2 juu mno, kipimo kikadanganya.

ST, yaani kipande cha mchoro kinachofuata baada ya mpigo mkubwa, ikipanda kwenye njia mbili zinazopakana, ipige picha, itume, na upigie hospitali simu kuulizia dawa ya kuyeyusha kama ipo.

Aspirini miligramu 300 atafune, kama hana mzio wala hatoki damu. Oksijeni mpe kiwango chake kwenye damu kikishuka chini ya asilimia 90.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. ECG ikitoka safi, nimwache nyumbani?

Marahaba. Hapana. Irudie njiani, hasa maumivu yakirudi. Yapo mashambulio yasiyopandisha ST. Hayo huonekana kwenye kipimo cha damu cha troponini.

Kaka, sisi wa zahanati hatuna ECG.

Andika saa, pima presha, mpe aspirini, piga simu. Na asitembezwe hadi barabarani, abebwe.

Mzee akiwa ametumia dawa za nguvu za kiume jana, inahusu?

Sana. Nitrati, dawa ya kupanua mishipa inayowekwa chini ya ulimi, usimpe, presha itaporomoka. Muulize pembeni, mbele ya wakwe hatasema.