Ukiandaa Onyesho la Nyuzi Dar, Anza na Besi

Waandaaji wengi wa onyesho la kwarteti ya nyuzi huanza kufikiria fidla, maana ndizo zinazosikika juu na ndizo zinazopigwa picha. Kwarteti ni fidla mbili, viola moja, ambayo ni fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi, na chelo moja, ile inayopigwa kwa kukaa ikiwa katikati ya magoti. Akialikwa mpiga besi, ile ala ya nyuzi yenye umbo la fidla na kimo cha mtu, wanakuwa watano, na hapo nakushauri ugeuze mpango wako wote: anza na besi. Ndiyo kubwa kuliko zote, ndiyo ngumu kusafirisha, na ndiyo inayosumbua sakafuni. Ukishaipatia njia na mahali pake, wale wanne wengine hawakupi shida.

Mpiga besi mwenyewe huenda hayuko mbali. Taarabu asilia imetulea na ala hizi. Culture Musical Club ya Unguja, iliyoanza mwaka 1958, ina besi kubwa nyuma ya fidla zake. Kutoka huko hadi Dar ni kama saa mbili kwa boti. Muulize mapema kama anasoma nota au anashika kwa sikio, maana wapo mahiri wa namna zote mbili, na anayeshika kwa sikio anahitaji kupata rekodi na siku za mazoezi ya pamoja, si kukutana na wenzake jioni ya onyesho.

Kabla hajakata tiketi, zungumza na watu wa boti. Besi ikae ndani, si sitahani inakorushiwa maji ya chumvi. Ilazwe kwa ubavu, kamwe isilale kifudifudi, kwa sababu daraja linalobeba nyuzi liko mbele na linaweza kuvunjika. Bandarini mpokee na gari kama Noah, viti vya nyuma vimekunjwa na godoro jembamba limetandikwa. Kirikuu ni rahisi, lakini haina paa, na mvua ya vuli haikupigii hodi. Ukisimama njiani kununua maji, usiiache besi ndani ya gari juani. Ala hizi huunganishwa kwa gundi itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, na gundi hiyo hulainika kwa joto. Viungo vikiachia, onyesho limeisha kabla halijaanza.

Ukumbi gani? Muziki huu tunaweza kuuita wa chemba, na jina linajieleza. Ukimvuta mtu chemba huongei naye kwa kipaza sauti. Ulizaliwa vyumbani, ukipigwa na watu wachache wasio na kondakta wa kuwaongoza kwa mikono, wanaosikilizana pumzi, kwa hiyo tafuta mahali ambapo nyuzi zitasikika bila maiki. Makanisa ya zamani yanayotazama bandari, Azania Front na Mtakatifu Joseph, yaliyojengwa enzi za Wajerumani, yana dari za juu na kuta nene, na sauti ya besi hujaa humo taratibu kama maji kupwa yanapoanza kujaa. Tena Mtakatifu Joseph liko mkabala na gati la boti za Unguja. Tatizo ni honi za meli na magari ya barabarani, ndiyo maana ningechagua Jumapili jioni, mji ukiwa umepoa.

Saa ya kuanza ipange kwa kuangalia adhana. Hapa kwetu kati ya Magharibi na Isha hupita saa moja na dakika chache. Ukianza dakika ishirini baada ya adhana ya Magharibi, aliyeswali amewahi, na nusu ya kwanza ya dakika arobaini inaisha kabla ya Isha. Mapumziko yaangukie hapo. Hakuna anayekatishwa: si muadhini, si mpiga fidla, si msikilizaji anayetaka kwenda kuswali. Nusu hiyo inatoshea kwarteti moja ya mtunzi Haydn, na baada yake ile serenadi, yaani muziki mwepesi wa jioni, ya mtunzi Mozart ya mwaka 1787, Eine kleine Nachtmusik, ambayo hupigika vizuri na watano. Nusu ya pili iachie Kwinteti, yaani muziki wa wapigaji watano, ya mtunzi Dvořák ya mwaka 1875, Opasi 77 (ndiyo namba yake katika orodha ya kazi zake), aliyoiandika kwa kwarteti na besi hasa. Humo besi inashika msingi, chelo inafunguliwa mikono na kuimba juu. Ndiyo sababu nzima ya kumwalika mtu wa tano, na ningesikitika kuona amesafirishwa kote huko aje kurudia tu sauti ya chelo.

Sasa sakafu. Besi na chelo husimama juu ya mwiba wa chuma, na kumbi zetu nyingi zina vigae vinavyoteleza. Niliwahi kukaa kwenye mazoezi nikaona mwiba wa besi ukiponyoka katikati ya wimbo. Mpigaji aliikumbatia ala kwa mikono miwili kama mtu anayedaka mtoto, na kwenye kigae ukabaki mkwaruzo mweupe wa kiganja kizima. Mkeka haukusaidia, uliteleza pamoja na mwiba. Nilivuka barabara kwa fundi viatu, akanikatia kipande cha tairi la kutengenezea katambuga na kukitoboa kishimo katikati kwa msumari. Tangu hapo natembea na viwili, kimoja cha besi na kimoja cha chelo.

Viti vinne viwe havina mikono, kwa sababu kiwiko cha mkono wa upinde kinahitaji nafasi. Vile vya plastiki vya shughuli havifai. Mpiga besi mpatie stuli ndefu, hata kama anapenda kusimama.

Mti wa ala hizi hauishi vizuri na unyevu wetu. Unavimba, nyuzi zinapoteza sauti, na rosini, ule utomvu mkavu wa msonobari unaopakwa kwenye upinde, unaanza kunata. Kibaya zaidi ni kubadilisha hewa ghafla. Kama utatumia kiyoyozi, kiwashe mchana na ukiache hapohapo ulipokiweka. Ala ziingie saa mbili kabla ili zizoee. Kama utatumia mapangaboi, nunua vibanio vya nguo, vinne kwa kila stendi, la sivyo karatasi za nota zitaruka. Kila stendi iwe na taa ndogo ya betri iliyojaribiwa, maana umeme ukikatika wapigaji wanaweza kuendelea bila chochote ila mwanga. Jenereta iwekwe mbali kabisa, nyuma ya ukuta.

Hadhira nayo iandaliwe kwa upole. Mwambie MC aeleze kwa sentensi mbili kwamba Kwinteti ina sehemu nne na kimya cha katikati ni sehemu ya muziki, makofi yaje mwisho. Na kwa kuwa wengi wetu tumezoea kutunza wanamuziki wakiwa jukwaani, weka kikapu kizuri mlangoni, aliyeguswa atunze wakati wa kutoka. Kutunza ni heshima, usiizuie, ipangie tu mahali.

Mwisho, wakati wa mazoezi ya mchana, nenda ukae safu ya nyuma kabisa. Mwombe mpiga besi adonoe kwa kidole uzi wake mzito, mara moja tu, taratibu, kisha sikiliza unavyofifia. Kama kuna kinachounguruma chini yake, kitafute. Mara nyingi ni friji la soda kule kwenye korido. Lizime, paki barafu kwenye madeli, kisha rudi umwombe adonoe tena.