Kutembea na watoto vilimani, msituni na kando ya bwawa: anza kwa yule mwenye miguu mifupi

Wazazi wenzangu, kuna kosa moja naliona kila mara kwenye matembezi ya familia. Mtu mzima anafungua ramani, anachagua njia anayoitamani yeye, afu watoto wanaunganishwa tu humo, na baada ya saa mbili mmoja analia, mwingine amekaa chini hataki kuinuka, na wakubwa nao wameshaanza kurushiana maneno. Mi naanza kinyume. Namwangalia yule mdogo kuliko wote anayetembea kwa miguu yake mwenyewe, njia yote nampimia yeye, hao wengine watakuwa sawa tu.

Kwa watoto wangu, wa miaka 3 au 4 kilomita 2 mpaka 3 zinamtosha kabisa, wa miaka 6 au 7 anafika 5 bila shida kama kuna vitu vya kuona njiani, na akifika 9 hivi anaweza akakupita wewe. Ila kilomita peke yake inadanganya. Mpanda milima mmoja wa Scotland, William Naismith, mwaka 1892 alitoa kanuni ambayo watu bado wanaitumia mpaka leo, saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, afu unaongeza saa nyingine kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 6 yenye mpando wa mita 200 ni kama saa moja na nusu. Lakini hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya yake na asiyesimama njiani! Mi nazidisha mara mbili, na kama kuna mtoto chini ya miaka 5 naongeza saa nzima juu yake, maana huyo ataokota mawe, ataangalia siafu, ataomba maji, atataka kukojoa, afu ataomba maji tena. Hayo yote ndo matembezi yenyewe, yawekee muda wake toka mwanzo.

Kwenye ramani angalia mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Ikibanana ujue hapo ni mwinuko mkali, ikiachana ni tambarare. Kama hujawahi kutembea na watoto kabisa, anza na njia inayozunguka bwawa. Maji yanakaa usawa mmoja, kwa hiyo njia inayofuata ukingo nayo mara nyingi haipandi sana, na sehemu zingine hata kigari cha mtoto kinapita.

Ila bwawa lina mtego wake na huu naomba uusome vizuri. Bwawa ni bonde lililozibwa, maji yamejaa mpaka kwenye vibonde vidogo vyote vya vijito vilivyokuwa vinashuka humo, kwa hiyo ukingo wake una vidole vidole vinaingia ndani. Ng'ambo unaiona ile pale, unadhani ni dakika kumi, kumbe njia inaingia mpaka mwisho wa kidole, inavuka kijito, inatoka tena, halafu kinafuata kidole kingine. Na ukishapita nusu ya mzunguko hakuna njia ya mkato tena, kurudi na kuendelea ni sawasawa. Nilishawahi kukwama hivo na binti yangu akiwa na miaka 5, tumebakiza kama theluthi ya njia, akakaa juu ya mzizi akasema miguu imeisha. Nikamvua kiatu, ndani ya soksi kulikuwa na kijiwe kidogo kama punje ya mchele, na chini ya kidole gumba ngozi imeshakuwa nyekundu inang'aa. Alikuwa anatembea nacho kwa muda mrefu na hakusema, mi nilikuwa mbele naongea. Toka siku hiyo kila baada ya nusu saa nasimamisha watu wote, viatu vinavuliwa, soksi zinakung'utwa na kunyooshwa, yule aliyeanza kuwa mwekundu anabandikwa plasta hapo hapo kabla lengelenge halijatoka. Dakika tano tu, na zinaokoa siku nzima.

Kwa hiyo kwa mara ya kwanza usizunguke bwawa lote. Nenda mpaka sehemu nzuri, kaeni, kuleni, mrudi mlikotoka. Na mgeuke wakati mtoto bado anarukaruka, usisubiri achoke ndo uanze kurudi, maana akichoka bado ana njia ile ile yote mbele yake.

Sasa maji. Hapa sina utani hata kidogo. Kingo za bwawa nyingi zinashuka ghafla, hatua mbili uko kwenye kina. Juani maji ya juu yanaweza kuwa ya uvuguvugu ukashawishika, lakini chini kidogo ni baridi, na baridi ya ghafla inamfanya mtu avute pumzi bila kutaka, akiwa chini ya maji anavuta maji, hata awe anajua kuogelea. Karibu na tuta, yaani ule ukuta unaozuia maji, kuna milango ya kutolea maji, mvuto wake huuoni ukiwa juu. Na pale maji yalipopungua, ule udongo uliopasukapasuka unaonekana mkavu kumbe chini ni tope laini linalomeza mguu mpaka pajani. Kanuni yangu ni kwamba mkiwa ukingoni mtoto mdogo awe karibu kiasi cha wewe kunyoosha mkono na kumshika, na juu ya tuta anashikwa mkono kabisa, hata kama kuna vyuma vya kuzuia mtu asianguke. Ukiona maji yana utando wa kijani kama mtu amemwaga rangi, watoto na mbwa wasiyaguse, huo unaweza ukawa mwani wenye sumu, na kuchemsha hakuiondoi sumu yake.

Msituni raha yake ni kivuli na kwamba mtoto hahisi umbali, anatoka kwenye mti huu anakimbilia ule. Shida ni kwamba anapotea haraka, kona moja tu humwoni. Kila mtoto avae filimbi shingoni kwenye kamba inayokatika kirahisi ikinaswa, na umfundishe mkiwa nyumbani, sio siku ya tukio: ukiona hutuoni simama hapo hapo karibu na mti mkubwa, usitutafute, puliza. Watu wengi wanakimbia wakipotea na ndo wanazidi kupotea. Kwa wakubwa, ishara ya kuomba msaada milimani ni kupuliza mara sita ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja, halafu kurudia. Kabla hamjaingia nguo iwe ya rangi kali, nyekundu au chungwa, kijani na kahawia ziacheni nyumbani.

Kilimani kinachowashangaza watu ni baridi. Kila mita 100 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 0.6 hivi, sio nyingi, ila ukiongeza upepo wa juu na jasho la kupanda, mtoto anatetemeka ndani ya dakika chache. Jaketi livaliwe KABLA ya kufika kileleni. Na yule unayembeba mgongoni ndo wa kumchunga zaidi, wewe umelowa jasho unaona joto kumbe yeye hasogei hata kidogo, mguse shingo na vidole vya miguu mara kwa mara. Kushuka nako msiende mbio. Vidole vinagonga mbele ya kiatu, kwa hiyo hakikisha kuna nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, na kaza kamba kwenye kifundo kabla ya kuanza kushuka. Mkisikia radi shukeni kutoka mgongoni mwa kilima, na msijifiche chini ya mti uliosimama peke yake.

Begi langu halina mambo mengi. Maji, mi nahesabu nusu lita kwa mtoto kwa matembezi mafupi na zaidi kukiwa na jua, vitafunio vilivyogawanywa kwenye vifurushi vidogo vidogo (kifurushi kimoja nakificha mpaka mwisho, hicho ndo cha mpando wa mwisho), plasta, soksi za akiba za kila mtoto, jaketi, tochi hata kama ni asubuhi, na simu yenye chaji na ramani iliyoshushwa kabisa, maana mabondeni mtandao unapotea. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani mnapita wapi na mnarudi saa ngapi.

Ukitaka kujua mwanga uliobaki nyoosha mkono mbele, kiganja kikiangalia uso wako, pima vidole kati ya jua na upeo, kila kidole ni kama robo saa. Ila ukiwa bondeni pima mpaka ukingo wa kilima, jua likijificha pale giza na baridi vinaingia mapema.

Mkipita kwenye malisho, geti lililofungwa lifungeni, mlilolikuta wazi liacheni wazi, na msipite katikati ya ng'ombe na ndama wake hata kama njia inapita hapo, zungukeni mbali.

Mkirudi nyumbani, kabla ya kulala wakagueni kupe, nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Ukimkuta mshike kwa kibanio cha nyusi karibu kabisa na ngozi umvute taratibu moja kwa moja, usimpake mafuta wala kumchoma moto, osha hapo na sabuni, andika tarehe. Homa au wekundu unaotanuka wiki zinazofuata, muone daktari umwambie mlikuwa msituni. Viatu vilivyolowa vijaze magazeti ndani uviweke mbali na moto, asubuhi vitakuwa vinavalika.